Je, Mzaha Nao Huchakaa?

Ni saa tatu usiku katika mtaa wa Nyakabiga, mjini Bujumbura. Baba mwenye nyumba amerejea kutoka kwenye onyesho la vichekesho, na mkewe, ambaye alibaki nyumbani kumwuguza mtoto mwenye homa, amemngojea kwa hamu ili naye apate kuchekeshwa kidogo.

"Haya, Baba watoto, tusimulie basi."

Mume anavua viatu polepole. "Hakuna la kusimulia, mama. Ni yale yale ya mwaka jana. Hata mwanao aliyelala hapo anayajua."

Mtoto anafumbua jicho moja na, bila kuombwa, anaumaliza mzaha wenyewe neno kwa neno, kama alivyousikia katika simu ya mjomba wake.

Mazungumzo ya namna hii huweza kusikika katika nyumba nyingi za mji huo, na malalamiko yaliyomo ndani yake si madogo. Kiingilio cha onyesho hutoka katika mfuko ule ule unaonunua maharagwe, mkaa na ndagala, na mwenye nyumba hakitoi mpaka awe amepiga hesabu mara mbili na mkewe. Akifika ukumbini akakuta kwamba amelipia jambo ambalo mwanawe amelisikia bure, huona amepunjwa. Wala habari haikawii mtaani. Kabla ya Jumatatu jioni wenye maduka, wachoma mishikaki na wanafunzi wa Chuo Kikuu waliopanga vyumba Nyakabiga watakuwa wamekwisha kuambiana kwamba bwana yule ameishiwa. Neno hilo humchoma mchekeshaji kuliko tusi.

Hata hivyo shauri hili lina upande wa pili. Mchekeshaji wa jukwaani husimama peke yake na kipaza sauti chake. Hana ngoma ya kumfichia kosa, hana pazia la kushushwa, hana mwenzake wa kumwokoa aliposahau. Na mizaha anayoisema haikuzaliwa ikiwa imekamilika. Huanza na wazo, akalijaribu mbele ya watu kumi, wakanyamaza. Akabadili neno moja, akalipeleka jina la mtu mwisho wa sentensi, akaongeza kimya cha pumzi moja, watu wakacheka. Usiku mwingine akaona kwamba kimya kile kilikuwa kirefu mno. Mzaha wa dakika moja waweza kula majuma mengi kwa namna hiyo, na mingi hufia njiani. Katika nchi ambako kazi hii ina kumbi nyingi na wateja wengi, wachekeshaji hodari huhesabu mwaka mzima au zaidi ili kupata saa moja ya maneno mapya yaliyo imara. Katika Bujumbura lugha nazo huongeza kazi, maana ukumbi mmoja huweza kuwa na watu wa Kirundi, wa Kifaransa na wa Kiswahili, na mchezo wa maneno uliokolea katika lugha moja huchuja ukihamishwa katika nyingine.

Tena si mizaha yote inayozeeka kwa mwendo mmoja. Mwezi wa Machi mwaka 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya mji wa Bujumbura. Mtu aliyetunga mzaha juu ya jambo hilo juma lile alikuwa na mali mkononi. Kwa mwaka wa pili mzaha ule ule ungehitaji maelezo kwanza, na mzaha wenye maelezo ni chai iliyopoa. Lakini mzaha juu ya mama mkwe aliyekuja kukaa siku tatu akamaliza miezi mitatu hauna tarehe.

HILA ZA SAMANDARI

Yafaa ikumbukwe kwamba kurudia si desturi iliyoletwa na wachekeshaji wa leo. Warundi wana Samandari wao, yule mjanja wa hadithi anayewacheza shere wakubwa kwa wadogo. Watu wa pwani wana Abunuwasi. Hila za mabwana hao zimesimuliwa vizazi na vizazi, na hakuna mjukuu aliyemwambia bibi yake kwamba ile ameisikia, alete nyingine. Kinyume chake, bibi akiruka kipande, mtoto humrudisha. Katika muziki ni vivyo hivyo. Franco Luambo alifariki mwaka 1989, na mpaka leo mpiga muziki wa arusi anayekataa kuzipiga nyimbo zake huonwa mtu mwenye kiburi. Kwa nini basi mwimbaji asifiwe kwa jambo lile lile ambalo mchekeshaji hulaumiwa kwalo?

Jibu la kwanza ni kwamba mzaha humvizia msikilizaji. Hadithi ya Samandari hupendwa kwa kuwa tunajua iendako, bali mzaha wa jukwaani hutegemea kwamba hatujui. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Mwaka 1963, katika mji wa Hamburg, televisheni ya Ujerumani ilirekodi kichekesho cha Mwingereza Freddie Frinton, ambacho alikuwa amekwisha kukicheza kwa miaka mingi katika majukwaa ya kwao. Ni mambo ya bibi kizee anayesherehekea siku yake ya kuzaliwa ya 90 pamoja na wageni wanne ambao hawapo, na mtumishi wake mzee ambaye hulazimika kunywa kwa niaba ya kila mmoja wao, huku akijikwaa katika kichwa cha ngozi ya chui milia iliyotandikwa sakafuni. Kwa dakika zisizofika ishirini ni kunywa na kujikwaa tu. Tangu mwaka 1972 Wajerumani hukitazama kichekesho hicho kila usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, nacho kimesemwa kwa Kiingereza. Wanakijua kwa moyo, na wanacheka. Frinton mwenyewe alifariki mwaka 1968.

Mfano wa karibu zaidi ni marehemu King Majuto wa Tanga, Amri Athumani, aliyefariki mwezi wa Agosti mwaka 2018, au Mzee Ojwang wa mchezo wa Vitimbi wa Kenya, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Watu hawakuwafuata ili wasikie neno jipya. Walikuwa wakimfuata mzee yule yule, macho yale yale, na namna ile ile ya kukasirika. Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Mzaha unaokaa katika neno huchakaa upesi, ila unaokaa katika mtu huchukua muda mrefu kuchakaa. Kijana anayeanza kazi Bujumbura bado hajawa mtu wa namna hiyo. Ana maneno tu, na maneno ndiyo yanayoibwa na simu.

MAZISHI YA MIZAHA

Zamani mchekeshaji wa kuzunguka mijini aliweza kuishi miaka kwa kichekesho kimoja, kwa sababu kila mji ulikuwa na masikio mapya. Redio, santuri, kaseti, televisheni na hatimaye simu ziliuondoa usiri huo. Kichekesho kilichomlisha mtu miaka kumi kilisikiwa na nchi nzima kwa usiku mmoja. Kule Nairobi, kipindi cha Churchill Show, kilichoongozwa na Daniel Ndambuki katika televisheni ya NTV, kiliwainua vijana wengi wasiojulikana. Lakini kijana aliyepanda pale kwa dakika chache alikuwa akitumia, mbele ya Kenya yote, maneno aliyoyanoa kwa miezi. Kipindi kilichofuata alitakiwa aje na mengine. Wachache waliweza. Wengine walirudi na yale yale yaliyobadilishwa nguo, na watazamaji hawakukawia kuwatambua.

Wakubwa wa kazi hii wamelitatua jambo hilo kwa njia mbalimbali. Mmarekani George Carlin alitoa maonyesho 14 katika televisheni ya HBO kati ya mwaka 1977 na 2008, na akawa na sifa ya kuyaacha maneno akishayarekodi na kuanza upya. Mwenzake Jerry Seinfeld alichagua njia ya vitimbi zaidi. Mwaka 1998 alirekodi New York onyesho alilolitangaza kuwa la mwisho kwa mizaha yake yote ya zamani, na mwanzo wa filamu ile unaonyesha mazishi kamili ya mizaha hiyo, wachekeshaji wenzake wakiwa waombolezaji. Filamu nyingine, ya mwaka 2002, inamwonyesha tajiri huyo akirudi katika vilabu vidogo kujaribu maneno mapya, akikwama na kusahau kama mwanafunzi. Hapana shaka ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, mwaka 2017 alipanda tena jukwaa la klabu alikoanzia akaisema mizaha yake ya ujana. Maiti walifufuliwa, na watazamaji wakalipa.

Seinfeld, lakini, aliweza kuyazika maneno yake kwa kuwa alikuwa na fedha za kula wakati akitafuta mengine. Mchekeshaji wa Nyakabiga akiyazika leo, kesho kodi ya chumba italipwa na nini?

BARABARA ZILIZOZIBWA

Dawa ya kawaida ya maneno yaliyozoeleka ni safari. Kilichochoka Bujumbura hupelekwa Kigali, ambako Kinyarwanda na Kirundi huelewana bila mkalimani. Kisha Uvira, mji wa Kongo ulio karibu kuliko miji mingi ya Burundi yenyewe, na kupanda Bukavu na Goma, ambako Kiswahili hutosha. Mzaha mmoja ungeweza kula mwaka wa pili katika safari hiyo bila mtu kulalamika. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na mwezi wa Januari mwaka 2025 vita viliuangusha mji wa Goma, na Bukavu mwezi uliofuata. Si wachekeshaji walioumizwa zaidi na mambo hayo, na ingekuwa aibu kusema hivyo. Ila kwa kazi yao hasara ni ya wazi: masikio mapya yalipungua, na ya zamani yakabaki pale pale. Barabara ya Kifaransa hubaki, nayo ni ya wachache. Michael Sengazi wa Kigali, aliyepata mwaka 2019 tuzo ya vichekesho ya Redio ya Kimataifa ya Ufaransa, alionyesha kwamba barabara hiyo inapitika. Lakini ni lazima mtu awe na Kifaransa cha kuchekesha, wala si kila mwenye Kifaransa anacho.

Tena hata mpaka ukiwa wazi, simu humtangulia msafiri. Mtu mmoja aliyekaa safu ya tatu akiinua mkono wake, mzaha uliotengenezwa kwa nusu mwaka umevuka Ziwa Tanganyika kabla taa za ukumbi hazijazimwa. Kule Marekani baadhi ya wachekeshaji huwataka watazamaji wazifungie simu katika mifuko maalumu mlangoni. Njia hiyo ni ngumu kwa mji ambako mama aliyemwacha mtoto mgonjwa nyumbani hana budi kupatikana. Iliyo rahisi zaidi ni kutorekodi kabisa mpaka kila mji uwe umesikia, na kwa mwenye ukumbi kuwaeleza watu kwa upole kwa nini wanaombwa kuziweka simu mifukoni. Watu wa Nyakabiga ni waelewa. Mtu anayeuza nyanya anajua kwamba nyanya iliyoonjwa na kila mpita njia hainunuliwi.

Kwa upande wa pili, mchekeshaji naye ana deni. Tangazo lililobandikwa ukutani likisema onyesho ni jipya, basi liwe jipya, au nusu yake iwe mpya na hilo litamkwe. Hakuna anayemkasirikia mpishi kwa kupasha moto maharagwe ya jana. Hasira huja anapoyaita ya leo na kuyatoza bei ya leo. Wapo watazamaji ambao wangelipa kwa furaha usiku wa mizaha ya zamani peke yake, kila mtu akitaja aupendao, kama wanavyoomba nyimbo arusini. Usiku wa namna hiyo ungemfaa hata mchekeshaji, kwa sababu ungemwonyesha ni mizaha ipi kati ya yote imekuwa mtu, na ipi imebaki maneno.

Katika nyumba ile ya Nyakabiga mke hakuridhika.

"Mwanao kanimalizia maneno," anasema, "lakini wewe ndiye uliyekuwepo. Alipofika pale kwa mama mkwe, alifanyaje?"

Mume anakataa. Kisha anakataa tena, kwa sauti iliyolegea. Mwishowe anasimama bila viatu katikati ya chumba, anajifunga kitenge cha mkewe kiunoni, anajaza mashavu, na kuanza kutembea kwa mwendo wa mama mkwe aliyebeba mizigo ya miezi mitatu. Mke anajishika mbavu. Mtoto mwenye homa ameketi wima kitandani. Upande wa pili wa ukuta jirani, ambaye hakualikwa, amekwisha kuanza kucheka.