Tokyo kwa jicho la mzazi: Bustani iliyookolewa na daktari

Mwaka 1870, daktari mmoja Mholanzi alikwenda kuangalia kilima cha Ueno, jijini Tokyo. Serikali mpya ya Japani ilikuwa na mpango wa kujenga hapo chuo cha udaktari na hospitali. Miaka miwili kabla, kilima hicho kilikuwa uwanja wa vita, na sehemu kubwa ya hekalu la Kibudha la Kan'ei-ji lililokuwa hapo iliteketea kwa moto. Miti mingi, hata hivyo, ilibaki imesimama.

Daktari huyo, Anthonius Bauduin, aliitazama miti ile kisha akatoa ushauri ambao wengi wasingeutarajia kutoka kwa mtu wa tiba. Hospitali ijengwe kwingine, alishauri, na hapa pabaki bustani ya watu wote. Serikali ilimsikiliza. Mwaka 1873, Ueno ikawa miongoni mwa bustani tano za kwanza za umma jijini humo.

Sanamu yake ya kichwa na mabega ipo bustanini hadi leo. Ile ya kwanza iliwekwa mwaka 1973, bustani ilipotimiza miaka 100, lakini baadaye ikagundulika kuwa uso uliochongwa haukuwa wake bali wa mdogo wake. Mwaka 2006 ikawekwa nyingine, safari hii yenye uso wa daktari mwenyewe.

Kwa mzazi anayetembea Tokyo na watoto, Ueno ni mahali pazuri pa kuanzia. Jiji hili linajulikana kwa maghorofa na treni zake, lakini bustani, makumbusho na mahekalu yake yana habari nyingine: jinsi wazazi wa Japani walivyohangaikia uhai wa watoto wao, tangu mimba hadi mtoto aanze shule.

Nyangumi, mbwa na miungu ya dawa

Faida kubwa ya Ueno ni kwamba karibu kila kitu kipo ndani ya bustani moja. Ukitoka kituo cha treni, hatua chache tu unakutana na Makumbusho ya Taifa ya Mazingira Asilia na Sayansi, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1877. Nje kuna mfano wa nyangumi wa bluu wenye ukubwa wa nyangumi halisi, pamoja na garimoshi la zamani la mvuke. Watoto wengi hugoma kuingia ndani mpaka wapigwe picha hapo.

Ndani kuna mifupa ya dinosaria, na yupo pia Hachiko, mbwa aliyeendelea kumsubiri bwana wake katika kituo cha Shibuya kwa miaka kadhaa baada ya bwana huyo kufariki dunia mwaka 1925. Mwili wake ulihifadhiwa na unaonekana kama alivyokuwa hai. Kwa maonyesho ya kudumu, wanafunzi hadi wa sekondari hawalipi kiingilio. Bustani ya wanyama ya Ueno, iliyofunguliwa mwaka 1882 na ambayo ni kongwe kuliko zote Japani, nayo haiwatozi watoto wa shule ya msingi kushuka chini. Kwa kawaida, sehemu hizi mbili hufungwa Jumatatu, kwa hiyo siku hiyo si ya kupanga Ueno.

Kwenye mteremko unaoelekea bwawa la Shinobazu kuna msururu wa malango mekundu ya mbao yanayoitwa torii. Watoto hupenda kupita chini yake wakikimbia. Malango hayo ni ya hekalu dogo la Kishinto la Hanazono Inari, na jirani yake lipo hekalu la Gojoten, ambalo miungu yake inaheshimiwa na Wajapani kuwa ni miungu ya dawa na uponyaji. Kwa hiyo hospitali ilihamishwa, lakini tiba haikuondoka kabisa kilimani.

Kabla ya kusali, mgeni hunawa: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kisha husukutua mdomo. Mtoto wa miaka minne hujifunza utaratibu huo kwa dakika moja na kuurudia kila hekalu atakaloingia. Maji hayo hayana sabuni, kwa hiyo kabla ya kula bado mzazi anatakiwa kumpeleka mtoto bombani.

Jua la Julai si la mchezo

Familia nyingi husafiri wakati wa likizo ya katikati ya mwaka, na hapo ndipo Tokyo inapowashangaza wageni. Mwezi Julai na Agosti joto hupanda hadi nyuzi 35 na zaidi, na hewa huwa nzito kwa unyevu, hivyo jasho halikauki upesi. Wanaotoka ukanda wa joto hudhani wamezoea, lakini kutembea saa nne kwenye lami si sawa na kukaa kivulini nyumbani.

Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, na aliyelala kwenye kigari cha kusukuma yuko karibu zaidi na ardhi iliyochomwa na jua. Kukifunika kigari kwa kanga au shuka nzito huzuia hewa na kuongeza joto ndani. Dalili za kuangalia ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kukaa muda mrefu bila kukojoa. Mtoto huyo apelekwe kivulini au ndani penye kiyoyozi, alegezwe nguo, apozwe kwa maji na anyweshwe kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa au asipoamka vizuri, hiyo ni dharura. Namba ya gari la wagonjwa Japani ni 119.

Mpango unaofaa ni rahisi: bustani na mahekalu asubuhi, makumbusho mchana jua linapowaka. Mashine za kuuza vinywaji zipo karibu kila kona, na chai ya shayiri inayouzwa humo haina kafeini, hivyo hata mtoto anaweza kuinywa.

Siku ya mbwa kwa wajawazito

Katika eneo la Nihonbashi, ndani ya jiji hilohilo, lipo hekalu la Suitengu. Hapa wageni wengi ni wajawazito, waume zao na mama wakwe. Kwa kalenda ya zamani ya Japani, kila siku ya 12 ni siku ya mbwa, na kwa kuwa mbwa anasifika kuzaa bila taabu, siku hiyo huwa na foleni ndefu. Mjamzito aliyefikisha mwezi wa tano huja kuombewa na kuchukua mkanda wa kitambaa wa kufunga tumboni.

Uwanjani kuna sanamu ya mbwa jike akiwa na mtoto wake, amezungukwa na alama za wanyama 12 wa miaka. Wageni huigusa na kuipapasa, wakiomba uzazi salama.

Hakuna kitambaa kinachoweza kupima shinikizo la damu, na wanawake wanaopanga foleni hapo wanalijua hilo. Wengi wao wamening'iniza kwenye mikoba yao beji ya waridi iliyoanza kutumika mwaka 2006, inayowajulisha abiria wa treni kwamba tumboni kuna mtoto na kiti kinahitajika. Wana pia kijitabu cha mama na mtoto, kinachotolewa na ofisi ya serikali ya mtaa baada ya kuandikisha mimba. Humo huandikwa mahudhurio ya kliniki, uzazi, uzito wa mtoto na chanjo zake hadi anapokaribia kuanza shule. Kijitabu hicho kilianza mwaka 1948, na wazo lake la kuweka rekodi za mama na za mtoto mahali pamoja limesambaa katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo.

Kofia nyekundu za Zojoji

Si kila ujauzito huishia kwa furaha, na Tokyo haifichi jambo hilo. Shiba ni bustani nyingine kati ya zile tano za mwaka 1873. Karibu yake, chini ya mnara wa Tokyo, lipo hekalu la Kibudha la Zojoji. Kando ya ukuta wake zimepangwa safu kwa safu za sanamu ndogo za mawe, zimevishwa kofia nyekundu za kufumwa kana kwamba zitashikwa na baridi. Mbele yake kuna maua na vipepeo vya kuchezea vinavyozunguka kwa upepo.

Hizo ni sanamu za Jizo, mlinzi wa watoto katika imani ya Kibudha. Wazazi huja kuwaombea watoto wao wakue salama, na wengine huja kuwakumbuka waliotoka kabla ya wakati, waliozaliwa wafu au waliofariki wachanga. Mama aliyepoteza mimba mara nyingi huambiwa asahau, atapata mwingine. Hapa ana mahali pa kusimama na kitu cha kuvisha kofia.

Mtoto akiuliza hizi ni za nani, jibu fupi la kweli linatosha: ni za watoto waliofariki, na wazazi wao bado wanawapenda. Kwa adabu, sanamu na vitu vilivyowekwa hapo haviguswi, na picha za kuchekacheka zisubiri mahali pengine.

Saba, tano, tatu

Ukipanda treni ya mzunguko ya Yamanote hadi Harajuku, unashuka karibu na lango la Meiji Jingu, hekalu la Kishinto lililokamilika mwaka 1920. Msitu unaolizunguka haukuota wenyewe. Miti ipatayo 100,000 ilitolewa na watu kutoka pande zote za Japani, ikapandwa kwa hesabu za wataalamu ili baada ya vizazi kadhaa ijiendeshe kama msitu wa asili. Leo kivuli chake ni nafuu kubwa, ingawa kokoto za njiani huchosha magurudumu ya kigari.

Novemba ndiyo mwezi wake kwa familia. Tarehe 15, na mwishoni mwa wiki za karibu na siku hiyo, wazazi huleta mabinti wa miaka mitatu na saba, na wavulana wa miaka mitano, wamevalishwa kimono. Desturi hiyo inaitwa Shichi-Go-San, yaani saba, tano, tatu. Mtoto hupewa mfuko wenye pipi ndefu nyekundu na nyeupe, ishara ya maisha marefu. Usiku, bila shaka, mswaki unahusika.

Umri huo una maana. Zamani Wajapani walisema mtoto aliye chini ya miaka saba bado ni wa miungu, yaani anaweza kurudi walikomtoa wakati wowote. Mwaka huohuo wa 1920 hekalu lilipokamilika, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Japani, zaidi ya 160 hawakufikisha mwaka mmoja. Sasa ni takriban wawili. Tofauti hiyo imeletwa na maji safi, chanjo, wakunga na wauguzi waliofika majumbani, kijitabu cha 1948 na bima ya afya iliyomfikia kila raia mwaka 1961. Wazazi wa leo wana hofu ndogo kuliko bibi zao, lakini bado wanakuja kushukuru.

Anayesafiri na mtoto kwenda huko asiache kadi ya kliniki nyumbani, au aipige picha na kuihifadhi kwenye simu. Mtoto akiugua ugenini, mojawapo ya maswali ya kwanza ya daktari litahusu chanjo alizopata, na tarehe hizo si rahisi kuzikumbuka kichwani.