"Wala" katika Saketi za Transista

Mwanza ni mji wa vilima vya mawe, na nyumba nyingi zi juu; maji ya Ziwa Victoria hayana budi kupandishwa kwa pampu hadi kwenye matangi. Tuseme mwangalizi wa pampu ameagizwa hivi: "Washa ikiwa tangi halijajaa wala mota haijapata moto mno." Tukitaka saketi ishike kazi ya mwangalizi huyu, jinsi tulisomavyo agizo ndivyo tutakavyohesabu transista.

Mwanafunzi aliyezoeshwa maneno matatu tu, "na", "au" na "si", atalivunja vipande: si kweli kwamba tangi limejaa, na si kweli kwamba mota ina moto. Katika saketi za namna ya CMOS, ambazo Frank Wanlass na Chih-Tang Sah walizieleza mwaka 1963, kila "si" yataka transista 2. "Na" yataka 6, maana saketi hizi hukanusha kwanza, kisha jibu hugeuzwa tena. Jumla ni 10. Lakini De Morgan, mwanamantiki wa Uingereza wa karne ya 19, alieleza kwamba kukanusha hili na kukanusha lile ni sawa na kukanusha "hili au lile". Tendo hilo moja lataka transista 4 tu: mbili mfululizo upande wa umeme, kama milango miwili ya ushoroba mmoja, na mbili sambamba upande wa ardhi. Mswahili hakumngoja De Morgan. Neno analo, nalo ni "wala". Kwa maoni yangu "lango la wala" ni istilahi ifaayo kuliko "lango la si-au".

Hata hivyo idadi si yote. Transista za upande wa umeme hupitisha mkondo kwa uzito zaidi kuliko za upande wa ardhi. Zikiwa mfululizo yabidi zipanuliwe, ama saketi itachelewa. Ndiyo sababu mafundi mara nyingi hupenda lango lingine lenye transista 4, lile likanushalo "vyote viwili", ambalo hupanga mfululizo zile za upande wa ardhi. Kwa hilo hatuna neno moja, wala sioni haja ya kulizua: "si vyote" yatosha.

Jambo moja limebaki, nalo ni la sarufi. "Halijajaa" hubeba matarajio kwamba tangi litajaa baadaye. Saketi haitarajii, hujua hali ya sasa tu. Katika jedwali ningeandika "limejaa: 0".