Kuweka Upya Si Kurejesha: Nywila Iliyosahaulika na Kazi Iliyomo Tarakilishini

Utangulizi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limo tarakilishini, na tarakilishi imefungwa kwa nywila. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetoka Voi kwenda milima ya Saghala na Dawida kurekodi ngano na methali hurudi na sauti za wazee ambao huenda wasipatikane tena. Akiisahau nywila, au mwenziwe wanayeshirikiana mashine akiibadilisha bila kumwarifu, kinachofungiwa ni kazi hiyo yote. Makala haya yanafafanua njia za kuingia tena. Yanadhihirisha pia kwamba kurejesha na kuweka upya, istilahi zinazotumiwa kama visawe, hazina maana moja, na kwamba anayezichanganya huweza kuipoteza kazi yake.

Nywila huhifadhiwaje?

Nywila ziliingia katika tarakilishi mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika taasisi ya MIT, Marekani, ambako watu wengi walitumia mashine moja. Mwaka 1962, mtafiti Allan Scherr aliweza kuichapa orodha nzima ya nywila za wenzake ili ajipatie muda zaidi wa kuitumia mashine hiyo. Aliweza kwa sababu nywila zilihifadhiwa jinsi zilivyoandikwa.

Mifumo ya leo haifanyi hivyo. Huikokotoa nywila ikawa mfuatano wa alama usiorudi nyuma, mithili ya mahindi yaliyokwisha kusagwa: unga hauwi punje tena. Mtumiaji anapoandika nywila, mfumo huikokotoa upya na kulinganisha matokeo. Kwa hivyo, hata fundi hodari hawezi kuisoma nywila ya zamani kutoka kwenye mashine. Anachoweza ni kuweka nyingine mahali pake. Huko ndiko kuweka upya. Kinachorejeshwa ni ruhusa ya kuingia, wala si nywila.

Makufuli matatu

Kabla ya kutafuta dawa, sharti ijulikane ni kufuli lipi lililofunga.

La kwanza ni la akaunti. Katika Windows, anayetumia akaunti ya Microsoft huweka nywila mpya kupitia simu au tarakilishi nyingine iliyounganishwa na intaneti. Mwenye akaunti ya mashine pekee hujibu maswali ya usalama aliyoyaandaa, au humwomba msimamizi mwingine wa mashine hiyo amwekee nywila mpya. Msimamizi akifanya hivyo, faili ambazo mwenyewe alizisimba kwa EFS huweza kutosomeka tena. Mbali na hizo, kufuli hili hufunga mlango tu: diski isiyosimbwa ikitolewa na kuunganishwa na mashine nyingine, kazi yote husomeka.

La pili ni la mashine yenyewe, linaloulizwa kabla ya mfumo kuanza. Katika tarakilishi za zamani za mezani, mara nyingi kuondoa betri ndogo ya ubaomama kulitosha kulifuta. Katika vipakatalishi vingi vya sasa njia hiyo haifui dafu. Mwenye mashine huwaendea watengenezaji akiwa na stakabadhi ya ununuzi.

La tatu ni usimbaji wa diski, na hapa ndipo penye hatari. BitLocker huifanya diski nzima isisomeke bila ufunguo. Mambo yakiharibika, huomba ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Tarakilishi nyingi za miaka ya karibuni huwasha usimbaji zenyewe mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Asiye na ufunguo hana njia. Fundi atamshauri kufomati, naye atapata mashine inayofunguka, lakini sauti za wazee hazimo.

Ruhusa na sheria

Maarifa haya ni ya mwenye mashine. Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inamwadhibu anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ndiyo maana fundi mwaminifu huuliza kwanza mashine ni ya nani.

Hitimisho

Imebainika kwamba swali la kwanza kwa fundi lisiwe "Waweza kuifungua?" bali "Diski imesimbwa? Kazi itabaki?" Hadi majibu yapatikane, mtu yeyote asikubali kufomati. Ufunguo wa akiba uandikwe karatasini na kuwekwa mbali na mashine, na rekodi zinakiliwe katika diski ya pili siku ile ile mtafiti anaposhuka mlimani. Mzee wa Saghala alihifadhi ngano kwa kuwasimulia wengi. Aliposahau yeye, alikuwapo wa kumkumbusha. Rekodi iliyo katika diski moja, chini ya nywila moja anayoijua mtu mmoja, haina wa kuikumbusha.