Marekani: Ndege za zamani za Kisovieti zinakutana angani, lakini kazi kubwa inafanyika chini

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Congo, ndege iliyotoka Umoja wa Kisovieti si kitu cha makumbusho. Antonov ni jina ambalo hata mtoto analijua. Kuna miaka ambapo ndege hizo, pamoja na ndugu zake Let kutoka Czechoslovakia, zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami kule Kilambo, karibu na Walikale, kuchukua kasiteriti. Anayepanda anajua ile sauti, na wengi wanaomba Mungu kabla mlango haujafungwa.

Huko Marekani, ndege za ukoo huo zinaishi maisha mengine kabisa. Wenyewe ni watu binafsi: marubani waliostaafu, wanajeshi wa zamani, wafanyabiashara, mafundi. Hawabebi mzigo wala abiria wa kulipa. Wanazisugua, wanazipaka rangi za jeshi na nyota nyekundu, kisha wanazirusha hadi kiwanja kimoja ili wakutane na wenye ndege kama zao. Mkutano mmoja unaojulikana sana, All Red Star, umefanyika kwa miaka mingi katika mji mdogo wa Porterville, jimbo la California, kwenye kiwanja kilichotumiwa na jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Chama kilicho nyuma yake kinaitwa Red Star Pilots Association.

Anayetazama akiwa nje ya uzio anaona sherehe: moshi mweupe angani, motere zinanguruma, watu wanakula nyama ya kuchoma chini ya bawa. Anayeandaa haoni sherehe. Anahesabu: ngapi zimeruka, ngapi zimetua.

Ndege yenyewe inayojaa kwenye mikutano hii si ile kubwa ya kivita. Ni Yak-52, ndege ya viti viwili, mmoja nyuma ya mwingine, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1976. Ilibuniwa na ofisi ya Yakovlev huko Moscow, lakini ilitengenezwa Romania, katika mji wa Bacău. Zilitoka kama 1,800. Vijana wa Kisovieti walijifunzia urubani ndani yake katika vilabu vya DOSAAF, shirika lililokuwa linawatayarisha raia kwa ajili ya jeshi. Walioibuni walijua wanafunzi watasahau kuteremsha magurudumu, kwa hiyo hata yakikunjwa yanabaki nje, chini ya bawa. Mwanafunzi akitua bila kuyateremsha, ndege inaumia kidogo tu.

Jirani yake ni Nanchang CJ-6 ya China, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1958. Wengi wanadhani ni nakala ya Yak. Si kweli, Wachina waliichora wenyewe baada ya kutumia Yak-18 na kuona mapungufu yake. Lakini harufu ya mafuta ni ile ile, na kwenye mikutano hii hakuna anayeifukuza.

Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, vilabu vingi vilibaki bila pesa. Ndege zikauzwa, zikafunguliwa mabawa, zikawekwa ndani ya kontena na kuvuka bahari. Kwa Mmarekani aliyekuwa anaota kumiliki ndege ya jeshi, huo ulikuwa mlango mpya. Ndege ya Kimarekani ya vita ya aina ya Mustang inauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Kwa pesa hiyo mtu anaweza kupata Yak-52 kadhaa na kubaki na pesa ya mafuta.

Na mafuta ndiyo shida ya kwanza ya anayeandaa mkutano. Matangi ya Yak-52 yanabeba lita 122 tu, na motere yake, M-14P yenye silinda 9 na nguvu za farasi 360, inakunywa vizuri. Rubani anayetoka mbali hawezi kuja kwa mruko mmoja. Anatua, anajaza, anaruka tena. Kwa hiyo ndege 30 hazifiki saa moja, zinafika kwa vipande, na zote zinataka esanse jioni ile ile ya siku ya tano. Kiwanja kidogo chenye pampu moja na kijana mmoja kinaweza kukwama hapo. Mwandaaji mwenye akili anapiga hesabu ya lita wiki nyingi kabla, na anazungumza na muuzaji kabla ya kuzungumza na wapishi.

Halafu kuna hewa. Ndege hizi hazina starta ya umeme kama gari. Motere inawashwa kwa hewa iliyobanwa, kwenye Yak-52 kwa nguvu ya kama kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba. Hewa hiyo hiyo inashusha magurudumu na kushika breki. Kama ilivuja usiku, asubuhi ndege ni chuma tupu. Ndiyo maana kwenye mikutano hii utaona chupa za wapiga mbizi mahali ambapo hakuna bahari wala ziwa: zinajaza ndege. Asiyekuwa na bomba la kuunganisha linalofaa atazunguka kiwanja akiazima, kama mtu wa Goma anavyozunguka akitafuta chaja.

Kabla ya kuwasha, kuna tendo lingine ambalo wageni wanalicheka. Mtu anashika elisi, yaani yale mapanga ya mbele, na kuizungusha kwa mikono, pole pole. Si mapokeo. Silinda za M-14P zimepangwa kwa duara, na ndege ikikaa, mafuta ya kulainisha yanateremka na kujaa ndani ya silinda za chini. Ukiwasha kwa nguvu ya hewa, pistoni inagonga mafuta ambayo hayabanwi, na chuma kinachoishika kinapinda. Motere haifi siku hiyo. Inaweza kufa saa kadhaa baadaye, angani. Mzee anayezungusha elisi asubuhi anailinda familia yake.

Serikali ya Marekani nayo iko ndani ya jambo hili. Ndege hizi hazina cheti cha kawaida. Idara ya usafiri wa anga, FAA, inaziandikisha kama ndege za majaribio, kwa ajili ya maonyesho. Haziruhusiwi kufanya biashara ya kubeba watu, na kila mwaka mwenye ndege anapeleka barua ya kuonyesha mahali anapokusudia kuishiriki. Mikutano kama ya Porterville basi si starehe tu. Ni sehemu ya sababu ya kisheria ya ndege kuwepo. Mkutano mmoja ukiharibika vibaya, maswali hayamwangukii rubani mmoja. Yanawafikia wote.

Hatari yenyewe iko katika kile wanachokuja kufanya: kuruka kwa kundi, bawa karibu na bawa, mita chache tu kati yao. Kwa kawaida zinakuwa ndege nne, zimepangwa kama ncha za vidole vinne vya mkono. Wa kwanza ndiye kiongozi. Anaangalia mlima, jua, saa, mafuta na ndege zingine. Wale wengine hawaangalii kitu kingine ila ndege waliyopewa kuifuata. Kiongozi akielekea ardhini, wenye kumfuata wataelekea ardhini naye. Imani ya namna hiyo haitolewi kwa mtu kwa sababu ana ndege nzuri, au kwa sababu amekuja na bia za kutosha.

Kwa hiyo vyama vya wenye ndege za zamani za kijeshi vilikubaliana juu ya mfumo mmoja, unaoitwa FAST, yaani kikosi cha kuruka kwa kundi na usalama. Rubani anajifunza kwa kitabu kimoja, anajaribiwa angani na mtu aliyechaguliwa na chama chake, na akifaulu anapewa kadi: ama ya mfuasi, ama ya kiongozi. Kadi hizo ndizo zinaombwa kwa wanaotaka kuruka kwa kundi katika maonyesho yenye watazamaji. Sehemu kubwa ya mkutano ni shule. Viti viwili vya Yak na vya CJ-6 vinasaidia sana: mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma, mchana kutwa, joto likiwa kali.

Hapo ndipo anayeandaa anapopata kazi ambayo hakuna anayeitamani. Lazima aseme hapana. Rafiki wa miaka 20 amefika kutoka jimbo la mbali, ametua mara tatu njiani, amechoka, na anataka kuingia katika kundi la saa kumi. Kadi hana, ama ameacha mazoezi. Mwandaaji dhaifu atamwambia: basi, kaa nyuma kabisa, usisogee. Mwandaaji mzuri atamwambia aruke na mwalimu kesho, ama akae chini atazame. Kununiwa jioni moja kunavumilika kuliko kupiga simu kwa mjane.

Kila mruko unaanza na mkutano wa chini. Hakuna kuwasha kabla ya kusemwa nani ni namba ngapi, redio iko kwenye namba gani, nani anaondoka upande gani kama mmoja hamwoni mwenzake, na neno gani likisemwa kila mtu anaachana na zoezi mara moja. Hata upande elisi inapozunguka ni jambo la kukumbusha. Motere za Kirusi zinazunguka kinyume cha zile za Kimarekani, na mguu wa rubani aliyejifunza kwenye Cessna unaweza kusukuma pedali isiyo yake wakati wa kuruka. Baada ya kutua wanakaa tena. Mwenye cheo na asiye na cheo wanaambiwa makosa yao kwa sauti moja. Mfanyabiashara tajiri anaambiwa na fundi kwamba alikaribia mno, na anaandika.

Mifano ya mambo yakiharibika si ya kutafuta mbali. Tarehe 12 Novemba 2022, katika maonyesho ya Dallas, Texas, ndege mbili za Vita Kuu ya Pili ziligongana mbele ya watazamaji: B-17 na P-63. Watu 6 walikufa. Zote mbili zilikuwa za Kimarekani, ingawa P-63 nyingi zilizotengenezwa wakati wa vita zilipewa Wasovieti. Wachunguzi wa serikali hawakuishia kwa marubani. Walisema chanzo ni kwamba waliokuwa wanaongoza maonyesho na walioyaandaa hawakuwa na mpango wa kutosha, uliosemwa kabla ya kuruka, wa kutenganisha ndege. Walitegemea maagizo ya papo hapo kwa redio na macho ya marubani.

Mwaka uliofuata, tarehe 13 Agosti 2023, ilikuwa zamu ya ndege ya Kisovieti yenyewe. MiG-23 ya mtu binafsi ilianguka wakati wa maonyesho karibu na Ypsilanti, Michigan. Watu wawili waliokuwa ndani walijirusha nje na viti vyao, parachuti zikafunguka, wakaangukia ziwani wakiwa hai. Ndege isiyo na mtu iliendelea, ikaishia kwenye magari yaliyosimama karibu na nyumba za watu. Hakuna aliyekufa. Lakini mita chache zaidi, na habari ingekuwa nyingine. Kule Kinshasa, kwenye soko la Simbazikita, Januari 1996, Antonov iliyoshindwa kuruka kutoka N'Dolo iliua mamia ya watu waliokuwa wanauza na kununua.

Tangu 2022 kuna mzigo mwingine. M-14P ilitengenezwa Voronezh, Urusi, na vita ya Ukraine imeleta vikwazo vinavyofanya biashara ya moja kwa moja na Warusi kuwa ngumu. Vipuri vinatafutwa Romania, Lithuania, ama kwenye sanduku la mwenzako. Mikutano imekuwa pia soko la siri isiyo siri: nani ana silinda ya ziada, nani ana pampu ya hewa, nani anauza ndege nzima kwa sababu magoti yanakataa kupanda bawa.

Na huko ilikotoka, Yak-52 imerudi vitani. Tangu mwaka 2024 Waukraine wameonekana wakiitumia kuwinda drone za upelelezi katika eneo la Odesa. Rubani anaendesha mbele, mwenzake anakaa nyuma na bunduki mkononi, anafungua kioo na kupiga. Ndege ya shule, iliyobuniwa kabla ya kompyuta kuingia nyumbani mwa watu, inakimbizana na drone. Wenye Yak wa Marekani, waliozoea kuitwa watu wa michezo ya gharama, waliona picha hizo wakatambua kila alama kwenye vioo vya saa za mbele.

Siku ya Mungu, mkutano unapoisha, ndege zinaondoka mbili mbili ama tatu tatu, kila moja na lita zake 122. Hema linashushwa, meza zinarudishwa, chupa za hewa zinapakiwa kwenye kamioneti. Anayeandaa anabaki na simu mkononi na orodha ya majina. Kila ujumbe unaoingia kusema « nimetua nyumbani », anavuta mstari mmoja. Haendi kulala mpaka jina la mwisho limevutwa.