Barabara ya Salgaa ilivyopelekwa Paris ikarudi bila lami

Kwanza tuelewane. Rongai ninayoizungumzia hapa si ile Ronga ya Kajiado yenye matatu za muziki wa kupasua masikio. Ni Rongai ya Nakuru, ya mahindi na malori, na ndani yake kuna Salgaa, kituo ambacho dereva wa trela anayetoka Mombasa kwenda Malaba anakijua nje ndani. Kama umewahi kusafiri kwenda Eldoret, Kisumu au Busia basi umepita hapo, labda ukiwa umelala.

Wazee wako hawalali wakifika hapo. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki. Desemba 31, 2017, basi na lori ziligongana Migaa na watu 36 wakaangamia. Hakuna anayebishana kwamba barabara hii inafaa kupanuliwa. Swali ambalo pengine umewahi kujiuliza ukiwa kwenye foleni pale Gilgil ni hili: kama kila mtu anakubali, mbona imechukua miaka yote hii?

Jibu halipo kwenye lami. Liko kwenye makaratasi.

Mwishoni mwa Septemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta akiwa ziarani Paris, Kenya ilitia sahihi mkataba na kampuni za Ufaransa zikiongozwa na Vinci na Meridiam. Kazi yenyewe: kupanua kilomita 175 kutoka Rironi hadi Mau Summit, kupitia Nakuru na Salgaa, na kukarabati ile ya chini ya Maai Mahiu hadi Naivasha. Muda wa mkataba, miaka 30. Thamani, takriban euro bilioni 1.3. Picha zilipigwa, mikono ikashikanwa. Ukipita Salgaa mwaka uliofuata, barabara ilikuwa ile ile. Mwaka mwingine pia.

Hapa ndipo wengi wetu huwa tunakosea. Tunadhani mkataba ukitiwa sahihi pesa zimeingia. Wapi! Sahihi ni mwanzo wa maswali. Mradi wa aina hii hautumii pesa za bajeti peke yake. Kampuni inaleta sehemu ya mtaji wake, kisha inakwenda kukopa sehemu kubwa zaidi kwa mabenki na taasisi za maendeleo. Na mkopeshaji wa Ulaya hatoi shilingi kabla hajasoma faili kurasa kwa kurasa.

Faili hiyo ina nini? Kuna upembuzi yakinifu, yaani utafiti unaoonyesha kama mradi unawezekana na kama utajilipa. Ndani yake kuna hesabu ya magari. Wale vijana unaowaona wameketi kando ya barabara na karatasi wakiandika kila gari linalopita, usiwadharau. Nambari zao ndizo zinaamua mradi utaingiza pesa ngapi kwa miaka 30. Wakizidisha, mtu atapata hasara. Wakipunguza, utalipa ada kubwa kuliko inavyostahili.

Halafu kuna swali la hatari: jambo likienda mrama, nani anaumia? Magari yakipungua kuliko ilivyotarajiwa, ni kampuni au ni serikali, maana yake wewe? Na sarafu je? Ada ya barabara inalipwa kwa shilingi lakini mkopo wa nje unalipwa kwa dola au euro. Mkataba ulipotiwa sahihi dola ilikuwa karibu shilingi 108. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepanda hadi karibu 160. Piga hesabu mwenyewe uone ada ingepaswa kupanda kiasi gani ili deni lile lile lilipwe.

Mambo haya ndiyo yaliyoponza mkataba wa Paris. Serikali mpya ilisema gharama iko juu na kwamba hatari ya magari kupungua imeegemea upande wa mwananchi. Mazungumzo yakavutana, na mwaka wa 2025 mkataba ukavunjwa. Kuvunja nako si bure: iliripotiwa kwamba Kenya ilikubali kulipa takriban shilingi bilioni 6.2. Hizo ni pesa za barabara ambayo haikujengwa hata mita moja. Kwa maoni yangu, maswali ya nani abebe hasara yalifaa kuulizwa na kujibiwa kwa sauti kabla ya ndege kupaa kwenda Paris.

Lakini kuna sehemu moja ya ile faili ya Kizungu ambayo ningependa uielewe vizuri, hasa kama mamako au shangazi yako ana kibanda kando ya barabara.

Kwa sheria zetu, aliyejenga kwenye hifadhi ya barabara hana cheti cha ardhi. Siku ya upanuzi anapewa notisi, anachorewa alama ya X nyekundu, na tingatinga linakuja. Taasisi nyingi za kimataifa zinazofadhili miradi zinafuata viwango vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta ya kibinafsi, na kiwango cha 5 kinaangalia mambo tofauti. Kinasema hata asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi anafaa kufidiwa kibanda chake na kusaidiwa kurejesha riziki yake. Ardhi hatalipwa, lakini choma yake, mboga zake na wateja wake vinahesabiwa.

Vinahesabiwa lini? Siku ya sensa. Watu wa mradi hupita wakiandika nani yuko wapi na anafanya nini, kisha wanatangaza tarehe ya mwisho. Atakayejenga baada ya tarehe hiyo hayumo. Aliyekuwa ameenda sokoni siku hiyo naye anaweza kukosa jina asipofuatilia. Kwa hivyo mwambie shangazi aweke leseni ya kaunti, taarifa za M-Pesa za biashara, na picha za kibanda zenye tarehe. Wewe ndiye mwenye simu nzuri, mpige hizo picha.

Usidhani basi kwamba pesa za Ulaya ni dawa ya kila kitu. Panda kidogo tu kutoka Rongai hadi Kuresoi ukaone bwawa la Itare. Lilikusudiwa kutoa lita milioni 100 za maji kwa siku kwa Nakuru, Njoro, Molo, Kuresoi na Rongai yenyewe. Mjenzi alikuwa CMC di Ravenna kutoka Italia, mkopo ukatoka kwa mabenki ya Ulaya ukiwa na bima ya SACE, shirika la serikali ya Italia. Mwaka wa 2018 kampuni ikalemewa na madeni huko kwao, kazi ikasimama. Faili ilikuwa imekaguliwa kotekote, lakini maji hayajafika, na wakazi wa Rongai bado wananunua kwa mitungi.

Sasa barabara imepata wenyewe wapya. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua ujenzi, mara hii na kampuni mbili za China, CRBC na Shandong Hi-Speed, pamoja na NSSF. Kipande kinachopita Salgaa ni cha Shandong. Gharama iliyotangazwa ni karibu shilingi bilioni 170. Ada ya gari dogo ni shilingi 8 kwa kilomita, ikiongezeka asilimia moja kila mwaka. Rironi hadi Mau Summit ni shilingi 1,400 kwenda tu, kurudi hesabu yako.

Na hiyo NSSF isikupite. Kama umeajiriwa, angalia payslip. Pesa zinazokatwa pale kila mwezi ni sehemu ya mtaji. Wewe ni abiria, mlipa ada na mwenye hisa kwa pamoja, bila kuulizwa.

Kuuliza, hata hivyo, unaweza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari zilizoko mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka wa 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Barua inatosha, kwa Kiswahili pia inakubalika. Iandikie KeNHA. Omba ripoti ya athari za mazingira na jamii ya kipande chako, mpango wa fidia, na tarehe ya mwisho ya sensa ya Salgaa. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo.