Mashine Haioni Karatasi

Simu nyingi anazopigiwa fundi wa mashine za ofisi hazihusu ubovu wa mashine. Zinahusu karatasi. "Fundi, printa inakwamisha." "Fundi, imeandika niweke karatasi, na mbona zimejaa?" "Fundi, maandishi yanatoka yamepauka." Unafika, unafungua trei, unasogeza kizuio, unabadilisha neno moja kwenye skrini, na kazi imekwisha kabla chai haijaletwa. Mwenye ofisi anakutazama kwa mashaka, kana kwamba umeuficha ugonjwa wenyewe ili urudi kesho kuchukua hela nyingine.

Mashine mara nyingi ni nzima. Hizi zinazochapa, kutoa kopi na kuskani kwa pamoja zina ujanja mwingi, ila karatasi haziioni. Kuna kiulimi kidogo cha plastiki kinachoziarifu kama trei ina kitu au ni tupu, na nyingi hukisia ukubwa kwa kufuata mahali ulipoviacha vizuio vya pembeni. Basi. Kama karatasi ni nyembamba au nene, kavu au imevuta unyevu, tupu au ina nembo ya ofisi upande mmoja, mashine ya kawaida haina namna ya kujua. Inafuata ulichoiambia, usipoiambia kitu, inafuata ilichoambiwa kiwandani. Mengi yanayoitwa ubovu yanazaliwa hapo, kati ya kilichomo kwenye trei na kilichoandikwa kwenye skrini.

Ili kuelewa kwa nini karatasi ina uzito mkubwa hivi katika jambo hili, turudi tarehe 22 Oktoba 1938, Astoria, mjini New York. Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bati la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa mpaka likapata umeme tuli, wakaweka juu yake kioo chenye maandishi na kulimulika kwa taa kali. Mahali palipopigwa na mwanga umeme ulitoweka; chini ya maandishi ulibaki. Walipolinyunyizia unga laini, unga ukashika kwenye maandishi tu. Wakaubandika kwenye karatasi ya nta, wakaipasha moto, ikawa kopi ya kwanza ya aina yake. Mwaka 1959 ikaingia sokoni Xerox 914, iliyopewa namba hiyo kwa sababu ilipokea karatasi za hadi inchi 9 kwa 14. Karatasi ikikwama kwenye sehemu yake ya joto iliweza kuwaka, hata kampuni ikawa inaitoa mashine pamoja na kizimamoto kidogo.

Printa ya leza iliyopo mezani kwako inafanya yaleyale: dramu inapewa chaji, mwanga unachora maandishi, unga wa tona unashika, unahamia kwenye karatasi, kisha fyuza inauyeyusha kwa joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Printa za wino wa maji hazina moto huo, kwa hiyo mengi ya hapa chini hayazihusu, isipokuwa habari ya ukubwa na namna ya kupakia.

Kwenye leza, unga hauhami kwa kugandamizwa kama muhuri. Unavutwa na umeme, na karatasi ndiyo inayotakiwa kuishika chaji hiyo. Karatasi iliyovuta unyevu haiishiki: chaji inavuja, unga mwingine unabaki nyuma, na maandishi yanatoka hafifu au yenye mabaka. Ikifika kwenye fyuza, maji yaliyomo yanageuka mvuke kwa ghafla, karatasi inajikunja kingo, pengine inakunjamana kabisa. Wakati wa masika, Tanga, Mombasa au Unguja, utamkuta mtu asubuhi ya Jumatatu amechomoa waya ukutani kwa hofu kwamba printa inatoa moshi. Ukinusa, hakuna harufu ya kuungua. Ni mvuke wa karatasi zilizolala kwenye trei tangu Ijumaa. Ziondoe, weka za rimu mpya, mvuke unakoma. (Harufu ya kuungua ikiwepo ni habari nyingine: zima, na usiwashe tena.)

Bara kwenye ukavu kama Dodoma mambo hugeuka. Karatasi zinakauka, zinapata umeme tuli kwa kusuguana, zinagandana, na mashine inavuta mbili au tatu kwa mpigo.

Dawa ya yote mawili ni moja na haina gharama. Lile ganda la rimu halikuwekwa kwa urembo. Limetengenezwa lizuie unyevu. Usilichane ukapanga rimu tano wazi kabatini ili zionekane nadhifu. Fungua moja, weka kwenye trei kiasi kinachoweza kutumika kwa siku hiyo au mbili, salio lirudishe ndani ya ganda lake. Na usiweke maboksi ya karatasi moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji. Weka ubao chini.

Kuhusu kununua rimu, A4 ina hesabu inayomsaidia mnunuzi. Ilipangwa Ujerumani mwaka 1922 kwa kanuni kwamba A0 iwe mita moja ya mraba na kila kipimo kinachofuata kiwe nusu ya kilichotangulia. Kwa hiyo karatasi 16 za A4 zinatimiza mita ya mraba. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 inapaswa kukaribia kilo 2.5. Ukiuziwa rimu iliyoandikwa 80 kwa bei ya kutupa, ipeleke kwenye mzani wa duka la jirani. Ikisoma kilo 2.2, umepewa gramu 70, au idadi imepungua. Gramu 70 si haramu, kwa kazi za kawaida inatosha, lakini kwenye kuchapa pande mbili inakwama upesi zaidi, kwa sababu karatasi inaingia mara ya pili ikiwa tayari imepigwa na moto na kupinda.

Sasa kupakia. Wengi hufungua trei, husukumiza bunda, hufunga kwa goti. Tazama anavyofanya kijana wa steshenari anayetoa kopi mia kadhaa kwa siku. Anachukua bunda, analishika ncha mbili, analipinda hadi karatasi ziteleze moja juu ya nyingine, analinyoosha, analipinda upande wa pili. Anazipunga kingo kwa kidole gumba, hewa ipite kati yake. Kisha anagongagonga bunda mezani, upande mfupi na upande mrefu, mpaka kingo ziwe sawa kabisa. Analilaza kwenye trei na kutazama ule mstari au alama ya pembetatu iliyochorwa ubavuni: bunda halivuki hapo, hata kwa karatasi kumi. Likivuka, rola ya kuvutia inabanwa na karatasi zinaingia kimshazari.

Mwisho vizuio, viwili vya pembeni na kimoja cha nyuma. Hapa ndipo ofisi nyingi zinapoharibu. Kizuio kinatakiwa kiiguse karatasi bila kuibana. Kikiachwa mbali hata kwa milimita chache, karatasi inaingia ikiwa imepinda, na mashine nyingine zinasoma ukubwa usio wake. Kikibana sana, bunda linafanya mgongo katikati na rola inateleza. Kizuio cha nyuma ndicho kinachosahaulika zaidi, na ndicho kinacholeta ule ujumbe wa ajabu wa "trei haina karatasi" wakati trei imejaa: bunda limerudi nyuma, rola haifiki. Funga trei kwa mkono mpaka isikike imeingia.

Ukishafunga, skrini ya mashine nyingi inauliza: ukubwa gani, aina gani? Watu wanabonyeza OK bila kusoma, kama wanavyokubali masharti ya programu za simu. Swali hilo ndilo nafasi pekee ya kuiambia mashine ukweli.

Tuanze na ukubwa. Sehemu kubwa ya dunia inatumia A4, milimita 210 kwa 297, na ndiyo tunayouziwa madukani. Marekani na Kanada wanatumia Letter, milimita 216 kwa 279. Tazama hizo namba: Letter ni pana kwa milimita 6 na fupi kwa milimita 18. Kwa macho zinafanana sana, na kwa kuwa programu nyingi za kompyuta zinatoka Marekani, kompyuta iliyowekwa lugha na nchi ya Marekani inaandaa barua zako zote kwa kipimo cha Letter bila kukuuliza. Unabonyeza kuchapa, mashine inatafuta Letter kwenye trei, inakuta imeambiwa kuna A4, inasimama na kudai karatasi. Mtu anaongeza rimu. Mashine inadai tena. Mtu anazima na kuwasha. Kazi iko palepale kwenye foleni, na nyuma yake kazi za wenzake kumi zimekaa zinasubiri.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ya mawakili waliokuwa wanajiandaa kununua mashine mpya kwa sababu hiyo tu. Ukubwa unakaa sehemu tatu: ndani ya waraka wenyewe, kwenye draiva ya printa katika kila kompyuta, na kwenye trei. Zote tatu ziseme A4. Draiva irekebishwe kwenye kila kompyuta, si ya bosi peke yake. Waraka uliotumiwa kwa barua pepe na mshirika wa Marekani unaweza kukuletea Letter upya wakati wowote. Mashine kadhaa zina kipengele kwenye menyu kinachoruhusu A4 itumike badala ya Letter bila kuuliza, na mimi hukiwasha kila ninapokikuta.

Aina ya karatasi inadharauliwa zaidi, na madhara yake ni ghali zaidi. Ukichagua karatasi nene, mashine inapunguza mwendo na kurekebisha joto la fyuza ili tona iyeyuke vizuri. Ukichapa kadi ya mwaliko ya gramu 200 huku skrini ikisema karatasi ya kawaida, tona inabaki juu juu. Pitisha kucha, maandishi yanabanduka. Kadi na bahasha zipite kwenye trei ya pembeni, ile inayofunguliwa kama mlango, kwa sababu njia yake kwa kawaida haina kona kali. Stika zitumike zile zilizotengenezwa kwa ajili ya leza tu, na shiti iliyokwishabanduliwa hata stika moja usiirudishe: gundi iliyobaki wazi itanata kwenye fyuza. Karatasi za picha za kung'aa zilizotengenezwa kwa printa za wino, na plastiki zisizo za leza, zinayeyuka humo ndani. Hapo utanunua fyuza, na kwa mashine nyingi ndogo bei yake inakufanya ujiulize kama si afadhali kununua printa nyingine.

Kwenye karatasi zenye nembo ya ofisi, usimwamini mtu anayekuambia daima zinalala kifudifudi. Inategemea mashine, trei, na kama unachapa upande mmoja au miwili. Chora alama ya X kwa penseli juu ya karatasi moja tupu, iweke, chapa, tazama maandishi yametokea upande gani wa X. Kisha bandika kijikaratasi kwenye trei kinachoonyesha namna ya kuweka, ili kila mfanyakazi mpya asianze kuharibu nembo upya.

Anayefunga mashine mpya ana machache ya kuzingatia. Tepu za rangi za kiwandani zimo hadi ndani ya trei, chini ya kifuniko cha kioo cha kuskani na kwenye mlango wa nyuma; zitoe zote kabla ya kuwasha. Meza iwe imara na sawa, mbali na jua na mbali na mdomo wa kiyoyozi. Printa ya leza ichomekwe moja kwa moja ukutani: fyuza inapopasha moto inaweza kuvuta wati 1000 au zaidi kwa muda mfupi, na ile UPS ndogo ya kompyuta itapiga kelele kisha izime pamoja na kompyuta yako. Kwenye mtandao, ipe anwani isiyobadilika, la sivyo siku umeme ukikatika na kurudi utasikia ofisi nzima ikisema printa imepotea.

Karatasi ikikwama, acha kwanza pupa. Fuata skrini inavyoelekeza milango ya kufungua, shika karatasi kwa mikono miwili, ivute polepole kuelekea inakokwenda, si ilikotoka. Kipande kidogo kikichanika na kubaki ndani, mashine itaendelea kulalamika imekwama ingawa huoni kitu. Usitumie kisu wala bisibisi, usiguse dramu, na usiiache wazi kwenye mwanga muda mrefu.

Kama ukubwa unalingana, aina inalingana, karatasi ni kavu, vizuio vimekaa vizuri na bado inakwama kwenye trei ileile, tazama rola za kuvutia. Mpira wake ukipakwa na vumbi la karatasi unang'aa na kuteleza; ufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa maji kidogo, uache ukauke. Ukirudia kuteleza baada ya hapo, umechakaa. Rola ni kipuri cha kubadilishwa, na ukiibadilisha, badilisha na pedi ya kutenganisha karatasi iliyo chini yake, kwa sababu zote mbili zimesuguana na karatasi zilezile.