Wiki Sita Turkana, Mchumba Dar

Kwenda fildi nchi jirani kusomea asili ya binadamu ni raha. Kumwambia mchumba kwamba utakosa vikao vya harusi? Hapo ndipo penye kazi!

"Wiki sita? Na simu haishiki?"

Ndivyo alivyonijibu mchumba wangu nilipomwonyesha barua ya kukubaliwa. Tulikuwa tumekaa barazani kwao Sinza, chipsi mayai zinapoa katikati yetu. Harusi ilikuwa Desemba. Kikao cha kwanza cha kamati kilipangwa Juni, na Juni hiyohiyo mimi nilitakiwa niwe kaskazini mwa Kenya nikichekecha mchanga.

Kibaya zaidi, sehemu ya ada nilikuwa nimeshaichota kwenye akiba yetu ya harusi. Alipojua, hakupiga kelele. Alisema tu, "Wiki sita haziniumi. Kinachoniuma ni kuambiwa mwisho." Siku tatu hatukuongea. Mama mkwe naye akatia lake: "Bibi harusi gani huyo anakimbilia mifupa?"

Siku ya nne alikuja mwenyewe. "Nikikuzuia, utanilaumu?" Nikamjibu ukweli: ndiyo. Akashusha pumzi. "Basi nenda. Vikao nitakaa mimi. Ila ile hela utairudisha." Nikakubali.

Fildi yenyewe ikoje?

Msomaji, vyuo vya Ulaya na Marekani vikifunga katikati ya mwaka, wanafunzi wa akiolojia hutawanyika kwenda kuchimba. Wapo wanaokwenda Atapuerca, Hispania, na Dmanisi, Georgia. Lakini wengi ndoto yao ni huku kwetu Afrika Mashariki, na moja ya sehemu hizo ni Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana.

Pale ndipo Bernard Ngeneo alipoona mwaka 1972 vipande vya fuvu maarufu lenye namba 1470. Ng'ambo ya ziwa, mwaka 1984, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo tu cha mfupa. Kikazaa Mvulana wa Turkana, mifupa ya kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Kimeu hakusoma chuo kikuu. Alikuwa na jicho, basi.

Na jicho ndilo tulilofundishwa. Kutoka Nairobi ni safari ya siku kadhaa, Isiolo, Marsabit, kisha jangwa. Alfajiri mnajipanga mstari, mnatembea taratibu, macho chini. Saa nne jua limeshachachamaa, si mchezo. Jiwe na mfupa uliogeuka jiwe vinafanana mno, mpaka ujue kutafuta vijitundu vya mfupa. Na ukiokota kitu ovyo umeharibu, kwa sababu umri wa kitu unasomwa kwenye tabaka la majivu ya volkano lililo juu na chini yake. Kikitoka mahali pake bila kuandikwa, kimepoteza hadithi yake. Kuoga ziwani? Kwanza uliza mamba wako wapi!

Mimi, wiki sita nzima, nilipata jino la swala na vigae vya mawe. Nililia kwa furaha kwa lile jino.

Aibu yangu

Jioni moja wenzangu, Wamarekani na Wakenya, walikuwa wanazungumzia nyayo za Laetoli. Mmoja akanigeukia: "Wewe Mtanzania, umeshafika?" Nikakosa jibu. Nyayo za miaka milioni 3.6, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey kuanzia mwaka 1978, ziko nchini kwangu, na mimi nimevuka mpaka bila kuwahi kukanyaga Ngorongoro!

Tuliporudi Marsabit, simu ikafufuka. Meseji 214. Za mwanzo zilikuwa za mahaba. Wiki ya tatu: "Una raha zako huko." Wiki ya tano: "Kamati imevunjika, nimeunda nyingine." Ya mwisho: "Rudi tu." Nikazisoma zote garini, bila kuruka hata moja.

Ile hela niliirudisha kidogokidogo mpaka Novemba. Fungate wengine huenda Zanzibar. Sisi tulikwenda Olduvai, kwenye makumbusho yenye nakala ya zile nyayo, kwa sababu zenyewe zimefukiwa zisiharibike. Njia mbili sambamba, na mtu wa tatu akikanyaga ndani ya nyayo za mkubwa. Watu hupenda kusema walikuwa mume na mke. Kiukweli, hakuna anayejua. Mume wangu alizitazama kwa muda, kisha akauliza, "Sasa huyu wa nyuma ndiye mama mkwe?"

Kama mwenzako anakwenda fildi

• Sema mapema, kabla hujajaza fomu. Habari ya kuambiwa mwisho huuma kuliko safari yenyewe.

• Hela ya wawili isiguswe na mmoja. Mimi nilikosea, usirudie.

• Kubalianeni siku za mawasiliano na nani apigiwe kwa dharura. Kimya kilichopangwa hakitishi.

• Anayebaki naye awe na lake la kufanya. Kukaa kuhesabu siku huzaa meseji za wiki ya tatu.

• Akirudi, muulize kuhusu lile jino. Msikilize mpaka mwisho.